Jino Lililong'oka na Kikombe cha Maziwa: Huduma ya Kwanza kwa Majeraha ya Meno ya Watoto

Katika majeraha mengi yanayowapata watoto shuleni, anayehudumu kwanza huwa na kazi ya kumtunza majeruhi asizidi kuumia mpaka afike mikononi mwa mganga. Mguu uliovunjika hufungwa gango, kidonda hufungwa kitambaa, na matibabu yenyewe hungoja hospitali. Jino la mbele lililong'oka kwa kishindo ni jambo la namna nyingine. Hapa matibabu huanza pale pale uwanjani, na huamuliwa katika nusu saa ya kwanza na mtu asiye mganga: mwalimu wa zamu, kiranja, au mwanafunzi yeyote aliyekuwa karibu. Mtu huyo akijua la kufanya, jino laweza kurudi mahali pake na kuishi miaka mingi. Asipojua, hata daktari bingwa atapokea jino lililokwisha kufa.

Jambo hili lina uzito wa pekee katika wilaya za Karagwe na Kyerwa, mkoani Kagera. Wilaya hizi mbili, zilizokuwa moja mpaka Kyerwa ilipomegwa mwaka 2012, ni nchi ya vilima na mabonde, na shule nyingi zimejengwa kwenye miteremko. Mtoto hushuka kilima kwa baiskeli iliyopakiwa mkungu wa ndizi, na breki zikakataa. Huteleza katika kijia cha kisimani akiwa na dumu la maji. Hugongana na mwenzake uwanjani, paji la uso la mmoja likapiga mdomo wa mwingine. Au hupakiwa juu ya pikipiki pamoja na ndugu zake wawili. Kutoka Murongo kwenye mpaka wa Uganda, au kutoka Kaisho na Mabira, safari ya kumtafuta mtaalamu wa meno yaweza kula asubuhi nzima. Hospitali zipo, kama vile Nyakahanga upande wa Karagwe na Isingiro upande wa Kyerwa, na Bukoba ipo hospitali ya rufaa ya mkoa; lakini hospitali haiwezi kuifuata ajali uwanjani. Bahati njema ni kwamba katika nchi hii ya ng'ombe kuna kitu ambacho hakikosekani kwa jirani, nacho kwa kazi hii hushinda karibu kila kitu kilichomo katika sanduku la dawa la shule. Kitu hicho ni maziwa. Makala haya yanakusudia kueleza kwa nini.

Jino limeshikwa na nini?

Wengi hudhani kwamba jino limepigiliwa katika taya kama msumari katika ubao. Sivyo. Kati ya mzizi wa jino na mfupa wa taya pana nafasi nyembamba mno, yapata moja ya tano ya milimita, nayo imejaa nyuzi laini, seli na mishipa midogo ya damu. Nyuzi hizo zimeingia upande mmoja katika mfupa, na upande wa pili katika simenti, yaani tabaka jembamba linalofunika mzizi. Jino basi limening'inizwa katika tundu lake kama vile mtu alalaye juu ya kitanda cha kamba: uzito wake hauegemei mbao za kitanda, bali huvutwa na kamba kutoka pande zote. Ndiyo sababu ukilibana jino lako la mbele kwa vidole viwili na kulitikisa, utahisi kwamba lacheza kidogo sana. Mpangilio huu wa nyuzi na seli tutauita utando wa mzizi.

Jino linapong'olewa na pigo, mfupa kwa kawaida haubomoki wote, wala mzizi haukatiki. Kinachopasuka ni ule utando. Sehemu yake moja hubaki imeshika ukuta wa tundu, na sehemu nyingine hutoka pamoja na jino, ikiwa imefunika mzizi kwa tabaka la seli ambalo jicho halilioni. Hapo ndipo mahali pa kufahamu vizuri. Mgonjwa wetu si lile taji jeupe linalong'aa. Enameli yake ni madini matupu na haiwezi kufa kwa sababu haikuwa na uhai. Mgonjwa ni lile tabaka la seli juu ya mzizi. Kila jambo la kufanya na la kutofanya, ambalo tutalitaja hapa chini, lina lengo moja tu la kuzihifadhi seli hizo mpaka zirudi katika tundu, ziungane na wenzao, na nyuzi zifumwe upya. Kazi hiyo ya kufumwa upya, mambo yakienda vyema, huchukua wiki chache.

Kuna sehemu nyingine hai, nayo ni kiini cha jino, chenye neva na mishipa ya damu inayoingilia kwenye ncha ya mzizi. Mishipa hiyo hukatika jino ling'okapo. Kwa mtoto wa miaka 7 au 8, ambaye ncha ya mzizi wake bado ni wazi kama mdomo wa tarumbeta, mishipa mipya yaweza kupenya na kiini kikafufuka. Kwa mkubwa zaidi, ambaye ncha imekwisha fungika na kubaki tundu dogo kama la sindano, kiini hakina tumaini, na daktari hulazimika kukitoa baadaye. Hili lisiwatishe walimu. Jino laweza kuishi bila kiini. Bila utando wa mzizi haliwezi.

Dakika zinazohesabiwa

Mwaka 1966 wataalamu wawili wa Denmark, Jens Ove Andreasen na Erik Hjørting-Hansen, walitoa taarifa juu ya meno 110 ya watu yaliyong'oka kwa ajali kisha yakarudishwa. Katika yale yaliyorudishwa kabla ya nusu saa kupita, asilimia 90 hayakuonyesha dalili ya mzizi kuliwa. Katika yale yaliyokaa nje zaidi ya saa 2, asilimia 95 mizizi yake iliharibika. Ni nadra katika elimu ya tiba kupata tofauti kubwa namna hii inayotokana na saa na nusu tu.

Neno "kuliwa" lahitaji maelezo. Mifupa yetu hujengwa upya maisha yote: kuna seli zinazokula mfupa mkuukuu, na nyingine zinazofuata nyuma zikijenga mpya. Utando wa mzizi ukiwa hai, huwa kama mpaka wa shamba; mafundi wa mfupa hawauvuki. Ukifa, mpaka umeondoka. Mfupa hugandamana na mzizi, na zile seli mlaji huuona mzizi kama mfupa mwingine wowote uliochakaa. Hula kidogo kidogo, na mfupa huchukua nafasi yake, mpaka siku moja taji linakatika kwa kukosa shina. Kwa mtu mzima jambo hili huweza kuchukua miaka mingi. Kwa mtoto huenda mbio zaidi, tena lina adhabu ya pili: taya lake bado linakua na meno ya jirani yanashuka pamoja nalo, lakini jino lililogandamana na mfupa hubaki palepale. Kila mwaka huonekana fupi kuliko wenzake.

Uchunguzi uliofuata ulionyesha kwamba kinachoua seli si kukaa nje kwenyewe, bali kukauka. Mzizi ukiachwa mkavu hewani, seli huanza kufa kwa wingi baada ya robo saa hivi, na saa moja ikipita zilizo hai huwa chache mno hata hazina msaada. Lakini jino likiwekwa mapema katika majimaji yanayofaa, muda huo hurefuka. Katika miaka ya mwanzo ya 1980 Lars Blomlöf na wenzake nchini Sweden walilinganisha majimaji kadhaa na wakaona kwamba maziwa ya kawaida yaliweza kuzihifadhi seli za utando kwa saa kadhaa. Tangu hapo ushauri huo umethibitishwa mara nyingi, na miongozo ya kimataifa ya mwaka 2020 inayataja maziwa mbele ya vitu vingine vinavyopatikana kirahisi.

Hebu tupige hesabu ndogo. Tuseme mwanafunzi karibu na Nkwenda ameanguka saa 4:20 asubuhi. Jino limeokotwa, likafungwa katika karatasi ya daftari na kutiwa mfukoni, na mtoto akafika kwa mtaalamu saa 7:20 mchana. Muda wa ukavu ni saa 3, na utando umekwisha. Sasa tuseme mwenzake ameumia saa ile ile na kufika saa ile ile, ila jino lake liliingizwa ndani ya maziwa saa 4:30. Muda wake wa ukavu ni dakika 10. Safari ilikuwa moja, na gari huenda likawa moja.

Kwa nini maziwa, na si maji?

Mtu yeyote akiona jino lenye vumbi hufikiri kwanza kulitumbukiza katika bilauri ya maji safi. Ni wazo la heshima, lakini maji matupu huziua seli, na sababu yake ni ile ile osmosisi ambayo wanafunzi wa biolojia huisoma wakadhani ni habari ya mizizi ya mimea tu.

Maji hupenya utando wa seli kutoka upande wenye chumvi kidogo kwenda upande wenye chumvi na sukari nyingi. Ndani ya seli ya mwanadamu kiasi cha vitu vilivyoyeyuka ni kama miliosmoli 290 kwa kila kilo ya maji. Maji ya kisima au ya mvua yana karibu sifuri. Seli ikitiwa humo hunywa maji, huvimba, na mwishowe hupasuka. Mate yana kiasi kama robo ya kile cha damu; kwa hiyo ni afadhali kuliko maji, ila si kwa muda mrefu, tena yamejaa bakteria. Maziwa ya ng'ombe yana karibu 280.

Kulingana huku si bahati nasibu. Maziwa hutengenezwa na seli za kiwele kutokana na damu ya ng'ombe, na katika kutengenezwa huko maji hupita huku na huku mpaka pande mbili zinalingana. Ndiyo sababu maziwa ya ng'ombe wa Karagwe mwenye pembe ndefu na yale ya ng'ombe wa Ulaya hutofautiana katika mafuta, lakini hayatofautiani sana katika jambo hili. Viwanda hutumia sifa hiyo kuwakamata wadanganyifu: maziwa halisi huganda kwa baridi ya nyuzi 0.5 na ushei chini ya sifuri, na yakiongezwa maji kipimo hicho hupanda kuelekea sifuri. Msomaji amekwisha kuona jambo litokanalo na hapo. Muuzaji anayetia nusu maji katika ndoo yake haibi pesa tu. Maziwa yake hayafai tena kwa jino, kwa maana 280 imekuwa 140. Pamoja na hayo, maziwa yana hali ya uasidi inayokaribia ya mwili, pehachi yake ikiwa kati ya 6.5 na 6.8, na yana chakula ambacho seli hujilisha nacho.

Yatumike basi maziwa matamu, yaliyochemshwa kisha yakapoa kabisa, au ya pakiti. Yakiwa ya baridi ni bora zaidi. Ya moto yatazipika seli. Maziwa mabichi yana vijidudu, lakini pakiwa hapana mengine ni heri hayo kuliko ukavu au maji. Maziwa ya mgando na mtindi hayafai hata kidogo, kwani asidi yake ni kali mno. Naye anayeuliza kama chai ya maziwa yafaa, ajibiwe hapana. Wageni waliopita Karagwe mwaka 1861, Speke na Grant, walistaajabia wingi wa maziwa yaliyonywewa katika nyumba ya mfalme Rumanyika. Pasipokuwa na jokofu, ujuzi wa kuyatunza maziwa matamu yasichachuke ni wa zamani katika nchi hii, na shule zaweza kuuazima kwa wazee.

Walimu wa kidato cha kwanza na cha pili waweza kulionyesha jambo hili kwa kiazi mviringo. Katwa vipande vitatu vyenye urefu wa sentimita 5 sawasawa. Kimoja tia katika maji matupu, cha pili katika maziwa, cha tatu katika maji yaliyokolea chumvi, vijiko viwili vya chai kwa bilauri. Baada ya saa moja pima urefu na ujaribu kuvikunja. Kile cha majini kitakuwa kigumu na pengine kimerefuka kidogo. Cha chumvi kitalegea kama kitambaa. Cha maziwa kitabadilika kidogo zaidi kuliko hivyo viwili. Hapo mwalimu aulize swali lenye maana: kwa nini seli za kiazi hazikupasuka ndani ya maji? Jibu ni kwamba seli za mmea zimezungukwa na ukuta mgumu wa selulosi. Seli za utando wa mzizi hazina ukuta huo.

Pale uwanjani

Kabla ya kulitafuta jino, mtazame mtoto. Pigo lililotosha kung'oa jino laweza kuwa limetikisa na ubongo. Ikiwa alizimia hata kidogo, anatapika, anasinzia ovyo, anachanganya maneno, au damu au maji yanatoka sikioni, basi jino ni jambo la baadaye. Apelekwe hospitali upesi. Vivyo hivyo ikiwa meno ya juu na ya chini hayakutani kama desturi yake, kwa maana taya huenda limevunjika. Na jino likikosekana kabisa mahali pote, wakati mtoto anakohoa au anapumua kwa sauti ya mluzi, inawezekana amelivuta mapafuni. Hiyo ni dharura.

Mtoto akiwa timamu, mkalishe ameinama mbele kidogo asimeze damu, vaa glavu, na mwache aume kitambaa safi kilichokunjwa kwa dakika 10 au 15. Damu ya mdomoni hutisha kwa sababu imechanganyika na mate. Kwa kawaida hukoma. Wakati huo huo watu wengine watafute jino.

Likipatikana, lishikwe kwenye taji tu, yaani ile sehemu inayoonekana mtu anapocheka. Mzizi usiguswe. Usikwanguliwe, usifutwe kwa shati, usisuguliwe kwa sabuni wala spiriti, hata kama umepakaa udongo mwekundu. Likiwa chafu, limiminiwe maziwa, au yakikosekana, maji safi ya baridi kwa muda mfupi sana. Sekunde chache hazina madhara ya kulinganishwa na yale ya kuloweka.

Dawa iliyo bora kuliko hata maziwa ni kulirudisha jino katika tundu lake hapo hapo. Najua kwamba walimu wengi watasita, nami siwalaumu. Lakini si kazi ngumu kama inavyodhaniwa. Upande wa jino wenye kibonde huelekea ulimini, na upande uliotuna kidogo huelekea mdomoni. Linasukumwa taratibu kwa kidole mpaka kimo chake kilingane na jirani yake, kisha mtoto huuma kitambaa laini ili lisitoke, na safari ya hospitali huanza. Kwa kuwa neva zimekatika na tundu limekufa ganzi kwa pigo, maumivu katika dakika za mwanzo huwa madogo kuliko tunavyoogopa. Isifanyike hivyo kwa mtoto asiye na fahamu, wala kwa mwenye ugonjwa mkubwa wa moyo au upungufu wa kinga. Na ni vizuri kama wazazi walikwisha kutoa ruhusa yao mapema, katika kikao cha shule, kwani dakika hizo si za kutafutana kwa simu.

Ikiwa mwalimu hawezi, au jino linagoma kuingia, asilazimishe. Atie jino katika kikombe chenye maziwa ya kulifunika lote, akifunike, na kimfuate mtoto. Pasipo maziwa, mtoto ateme mate katika kikombe na jino litiwe humo; au mtoto mkubwa mwenye akili zake timamu aliweke kati ya shavu na ufizi, mradi asilimeze. Maji ya chumvi ya hospitalini, yenye gramu 9 kwa lita, yanafaa kwa muda mfupi kwa sababu hayapasui seli, ingawa hayazilishi. Hata maji matupu ni nafuu kuliko mfuko wa kaptura, iwapo kweli hakuna kitu kingine.

Kwa maumivu, parasetamoli kwa kipimo cha umri inatosha. Watoto wasipewe aspirini; nayo huzidisha kutoka damu. Desturi ya kusaga kidonge na kukibandika ufizini, au kupaka tumbaku au mafuta ya taa, huunguza nyama na kuongeza kidonda juu ya kidonda.

Majeraha madogo zaidi yasitucheleweshe sana. Jino likikatika kipande, kipande hicho kitafutwe na kupelekwa kikiwa katika maziwa au maji, kwa sababu mara nyingi huweza kugundishwa. Ikionekana nukta nyekundu katikati ya jino lililokatika, kiini kimefunuliwa na mtoto aonwe siku hiyo hiyo. Jino lililopinda au kulegea lirudishwe taratibu kwa kidole kama linakubali. Lililozama ndani ya ufizi liachwe lilivyo kwa mtaalamu.

Hospitalini

Mtaalamu ataliangalia tundu, ataliweka jino sawa, na atalifunga kwa meno ya jirani kwa muda wa wiki 2 hivi. Waya mwembamba na gundi ya meno ndivyo vitumikavyo, lakini hata uzi wa nailoni wa kuvulia samaki, ule mwembamba, umekubaliwa katika miongozo; ni habari njema kwa mkoa unaopakana na Ziwa Viktoria. Jambo la kushangaza ni kwamba kifungo hakitakiwi kuwa kigumu. Jino lazima licheze kidogo, kwa maana nyuzi za utando hufumwa vizuri zikivutwa-vutwa, na jino lililokazwa kama nguzo hugandamana na mfupa upesi zaidi. Atauliza pia habari za chanjo ya pepopunda, hasa ikiwa jino lilianguka penye udongo au samadi, na ataamua kuhusu dawa za kuua bakteria. Kwa wiki hizo mbili mtoto ale uji na ndizi zilizopondwa, asicheze mpira, na aendelee kupiga mswaki laini. Kama ncha ya mzizi ilikwisha fungika, kiini kitolewe ndani ya wiki hizo hizo. Tunda hili la mwisho ndilo linaloangushwa zaidi: mzazi akiona jino limekaa imara hudhani kazi imekwisha, naye harudi.

Hata jino lililochelewa na kukauka, mtaalamu mara nyingi atalirudisha. Anajua kwamba litaliwa, lakini kwa miaka kadhaa litakuwa limeulinda mfupa usinywee, na limempa mtoto sura yake wakati ule ambao wenzake darasani hawana huruma. Kwa hiyo hakuna jino la kudumu linalostahili kutupwa juu ya paa.

Meno ya utotoni ni habari nyingine

Hayo yote yahusu meno ya kudumu, ambayo mbele ya mdomo huanza kuota kati ya miaka 6 na 8. Jino la utotoni likidondoka kwa ajali lisirudishwe. Chini ya mzizi wake tayari kuna jino la kudumu linalojengwa, na kulisukuma la kwanza ni kuliponda la pili. Matokeo yake huonekana miaka mingi baadaye kama mabaka meupe au ya kahawia, au jino lililopinda. Kulitambua si shida. La utotoni ni dogo, jeupe kama maziwa, na makali yake ni laini. La kudumu lililoota karibuni ni kubwa, lina umanjano kidogo, na ncha yake ina meno-meno kama msumeno. Mwenye shaka alitie katika maziwa na kumwachia mtaalamu aamue.

Hapa haiwezekani kupita bila kutaja jeraha moja la meno ya watoto ambalo halitokani na ajali. Katika sehemu nyingi za Afrika Mashariki kuna imani kwamba mtoto mchanga anayehara na kuwa na homa ana "meno ya plastiki", ambayo wengine huyaita ya nailoni; kwa majirani zetu wa Ankole, ng'ambo ya mto Kagera, ni ebiino. Mdenmark mwingine, Pindborg, aliandika juu ya desturi hiyo nchini Uganda mwaka 1969, na katika miaka ya 1990 wataalamu wa Muhimbili waliichunguza hapa Tanzania. Fundi huchimbua ufizi kwa kisu au spoku ya baiskeli na kuonyesha kitu laini cheupe. Kitu hicho si mdudu wala plastiki. Ni chipukizi la jino la chonge ambalo halijapata madini, na ulaini wake ndio hali yake ya kawaida katika umri huo. Mtoto hupoteza damu, huweza kuambukizwa pepopunda au virusi vya UKIMWI kwa chuma kile kile kilichotumika kwa mwingine, na chonge la kudumu lililo jirani huharibika. Kuhara kwake hakutibiwi hata kidogo. Kinachomwua ni kupungukiwa maji, na dawa yake ni lita moja ya maji safi yaliyochemshwa, vijiko 6 vya chai vya sukari na nusu kijiko cha chumvi, vilivyosawazishwa, huku akipelekwa zahanati. Mwanafunzi aliyefahamu osmosisi katika kiazi na katika jino ataifahamu na hapa, na huenda akawa ndiye mtu pekee nyumbani awezaye kumweleza bibi yake kwa heshima na kwa hoja.

Vifaa vya shule ni vichache: kikombe chenye kifuniko, glavu, vitambaa safi, pakiti moja ya maziwa ya kudumu isiyofunguliwa au jina la jirani mwenye ng'ombe, na namba ya simu ya kituo cha afya chenye mtaalamu wa meno, pamoja na siku anazokuwapo. Mtoto anapoondoka, apewe karatasi yenye maandishi mawili: saa jino liling'oka, na saa lilipotiwa katika maziwa. Hilo ndilo swali la kwanza mtaalamu atakalouliza, na kondakta wa gari hatakuwa na jibu.